Habba Soda, Karafuu na Ubongo Uliokosa Hewa

Siku hizi ni nadra kuingia katika duka la dawa za asili, liwe la Mombasa, la Unguja au la Dar es Salaam, usione chupa ya mafuta ya habba soda au kopo la unga wa manjano lenye maandishi ya kudai kuwa kilichomo husafisha ubongo na kuondoa kiharusi. Wauzaji wengine wameongeza neno la kitaalamu, nalo ni antioksidanti, na neno hilo likisha kutamkwa mnunuzi huona haya kuuliza zaidi. Vijana wengi wenye wazazi watu wazima hutaka kujua kama madai haya yana ukweli. Jawabu letu ni kwamba yana ukweli ndani yake, tena si mdogo, na yana hatari vile vile. Na hatari yenyewe haitoki katika mmea bali katika saa ambayo mmea hutumiwa.

Kwanza yafaa tuujue ubongo wenyewe. Uzito wake kwa mtu mzima ni kiasi cha kilo 1.4, yaani sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini peke yake hutumia kiasi cha sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote itumiwayo na mwili uliopumzika. Wala haujiwekei akiba. Msuli una akiba kidogo ya kuuvusha wakati wa kazi nzito, na ini lina ghala lake la sukari. Ama ubongo ni kama kibarua apokeaye ujira wake jioni na kuumaliza usiku ule ule. Damu ikikatika kabisa kwenda kichwani, mtu hupotewa na fahamu kwa muda wa sekunde 10 hivi.

Kiharusi humwangusha mtu ghafula, akapooza upande mmoja au akapotewa na maneno. Hapa pwani wengi wamekihusisha na upepo mbaya na mashetani, na mpaka leo wapo wagonjwa wapelekwao kwa mganga kabla ya kupelekwa kwa daktari. Asidhani mtu kwamba kuyaita haya maradhi ya ubongo ni mtindo mpya uliotoka Ulaya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliiandika sakta katika kitabu chake cha Qanun pamoja na maradhi ya kichwa na ubongo, akaieleza kwa kuziba kwa njia zilizomo humo. Leo twajua kuwa kiharusi kina namna mbili. Namna ya kwanza, nayo ndiyo iliyo nyingi, ni mshipa wa damu kuzibwa na bonge la damu iliyoganda. Namna ya pili ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo. Kwa macho ya watu wa nyumbani hizi mbili hufanana kabisa. Hata daktari hodari hawezi kuzitenganisha kwa yakini mpaka apate picha ya ubongo iliyopigwa kwa mashine. Msomaji ashike jambo hili, kwani tutalirudia.

Sasa na tuangalie mshipa ulioziba. Sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule hukosa oksijeni na sukari kwa pamoja. Kila chembe ya ubongo ina pampu ndogo mno katika ngozi yake zitoazo chumvi nje na kuzuia madini ya kalisi yasiingie kupita kiasi; pampu hizo huendeshwa kwa nguvu ipatikanayo kwa oksijeni. Oksijeni ikikosekana pampu husimama, chumvi na maji huingia, chembe huvimba, na kalisi humiminika ndani na kuamsha vitu vilivyokuwa vimelala ambavyo huanza kuitafuna chembe kutoka tumboni mwake. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Marekani, Jeffrey Saver, alifanya hesabu akaona kwamba katika kiharusi cha mshipa mkubwa kisichotibiwa, kwa kila dakika moja hufa kiasi cha chembe 1,900,000 za fahamu. Msomaji apige mwenyewe hesabu ya nusu saa.

Lakini Mwenyezi Mungu ameacha nafasi. Si sehemu yote ifayo mara moja. Katikati, palipokosa damu kabisa, pamekwisha. Ila pembezoni mwake pana eneo lipatalo damu kidogo kutoka mishipa ya jirani. Chembe za hapo zimenyamaza, hazifanyi kazi, na mgonjwa huonekana amepooza, lakini bado zi hai. Mwaka 1977 Jens Astrup, Lindsay Symon na wenzao waliliita eneo hilo kwa jina walilolichukua katika elimu ya nyota, lile la kivuli hafifu kionekanacho kandokando wakati wa kupatwa kwa jua. Si giza kamili, wala si mwanga. Juhudi zote za kutibu kiharusi cha namna hii ni juhudi za kuliokoa eneo hilo la kivuli kabla nalo halijaingia gizani.

Hapa ndipo lilipo jambo la ajabu, na ndilo lililowapeleka wataalamu kwenye mimea. Mtu angedhani kwamba damu ikirudi, na oksijeni pamoja nayo, shida imekwisha. La! Oksijeni irudipo ghafula katika chembe zilizodhoofika hufanya kama upepo uingiao katika makaa yaliyofunikwa majivu. Vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya chembe, viitwavyo mitokondria, vimeharibika na havina uwezo wa kuipokea yote kwa utaratibu. Sehemu yake huponyoka ikageuka kuwa vitu vikali visivyotulia, ambavyo wataalamu huviita radikali huru. Radikali huru ni kitu kilichopungukiwa na elektroni moja ya kukamilisha jozi yake, kwa hivyo humnyang'anya jirani, na jirani naye akawa mwizi kwa mwingine, mpaka uharibifu ukaenea. Ubongo ndio kiungo kilicho dhaifu zaidi mbele ya wizi huu, kwani umejaa mafuta laini ya namna ile ibadilikayo harufu upesi yakiachwa wazi juani, na una chuma ambacho huchochea moto huo, huku kinga yake mwenyewe ikiwa haba ukiulinganisha na ini.

Kinga yenyewe ipo, nayo ilijulikana vizuri mwaka 1969, wakati Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipoonyesha kuwa mwilini mna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuizima mojawapo ya radikali hizo. Tangu hapo watu walianza kujiuliza: ikiwa mwili una wazima moto wake, na katika kiharusi wazima moto hao wanazidiwa, je, haiwezekani kuwapelekea msaada kutoka nje?

Msaada huo upo tele katika mimea, na sababu yake yafurahisha kuifikiri. Jani ndilo litengenezalo oksijeni mchana kutwa chini ya jua kali, na kiumbe akaaye na moto hana budi kuwa na maji karibu. Mmea haukimbii jua, basi hujilinda kwa kutengeneza vitu viwezavyo kutoa elektroni bila vyenyewe kugeuka wezi. Vitu hivyo ndivyo antioksidanti za mimea. Vingi vyavyo twavijua kwa rangi, kwa harufu au kwa ukali wake ulimini: umanjano wa manjano ni kukumini, ukali wa karafuu ni yugenoli, katika mafuta ya habba soda mna thaimokwinoni, ukakasi wa chai na wa ganda la komamanga watokana na jamaa moja kubwa iitwayo polifenoli.

Mwaka 2010 wataalamu wa Norway walichapisha vipimo vya vyakula, vinywaji na viungo zaidi ya 3,100 kutoka pande mbalimbali za dunia, wakitazama kila kimoja kina antioksidanti kiasi gani. Katika viungo vyote vilivyokaushwa, karafuu ilikuwa ya kwanza. Ndugu zetu wa Pemba wana haki ya kutabasamu. Ila wasitabasamu sana, kwani mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyokuwa na jedwali lake mashuhuri la vipimo vya namna hiyo, ililiondoa, ikaeleza kwamba nguvu ya kitu ndani ya chupa ya maabara haituonyeshi kitafanya nini ndani ya mwili wa mtu, na kwamba wafanyabiashara walikuwa wakilitumia jedwali kuuzia bidhaa zao. Na hilo ni kweli. Kukumini ya manjano, mathalani, huingia katika damu kwa uchache mno. Sehemu kubwa hupita tumboni, na ile iingiayo ini huibadilisha na kuitoa upesi. Kitu kisichofika katika damu kitafikaje katika ubongo, nao umezungushiwa ukuta wake wa pekee unaochagua kipitacho na kisichopita?

Ama habba soda, tusiidharau. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Mfalme Saud, Riyadh, walichapisha jaribio lililofanywa juu ya panya. Waliizuia damu ya kwenda katika ubongo wa mbele wa panya, kisha wakaiachia irudi, nao wakatazama ile sehemu ya ubongo ihusikayo na kumbukumbu, ambayo hufa upesi kuliko nyingine ikikosa oksijeni. Panya waliopewa thaimokwinoni walipoteza chembe chache zaidi kuliko wenzao wasiopewa, na alama za kuungua kwa mafuta ya ubongo zilipungua. Majaribio ya namna hii juu ya kukumini, juu ya polifenoli za chai na juu ya mimea mingine mingi yamefanywa katika nchi nyingi, na mengi yameleta matokeo ya kufurahisha. Kwa hivyo yule muuzaji asemapo kwamba maabara imethibitisha, hasemi uongo.

Lakini muuzaji hasemi jambo moja. Panya wale wa Riyadh walianza kupewa dawa siku tano kabla ya mshipa kuzibwa. Nani miongoni mwetu ajuaye siku tano mbele kwamba atapatwa na kiharusi? Zaidi ya hayo, panya wa maabara kwa kawaida ni kijana mwenye afya, hana kisukari wala shinikizo la damu, mshipa wake huzibwa kwa dakika zilizohesabiwa na kufunguliwa kwa mkono wa mtaalamu. Mzee wetu aangukaye asubuhi wakati wa kutia udhu ana miaka 65, mishipa imekuwa migumu, na bonge lililoziba halitafunguka kwa sababu mtu amehesabu dakika. Na dawa yoyote inywewayo husafiri kwa damu. Mahali ambapo damu haipiti, nayo haipiti.

Tofauti hii imewagharimu wataalamu fedha na miaka isiyohesabika. Mwaka 2006 kundi la watafiti walihesabu matibabu 1,026 yaliyowahi kujaribiwa kwa ajili ya kiharusi, mengi katika wanyama, yakiwamo ya antioksidanti. Ni 114 tu yaliyokuwa yamefikia kujaribiwa kwa wagonjwa, na karibu yote yakaanguka. Mfano mashuhuri ni dawa iliyojulikana kwa alama ya NXY-059, si ya mmea bali ya maabara, iliyotengenezwa makusudi ili kuzinasa radikali huru. Katika wanyama ilifanya kazi vizuri. Jaribio la kwanza kwa wagonjwa zaidi ya 1,700, lililotolewa mwaka 2006, lilionyesha faida ndogo, watu wakashangilia. Mwaka 2007 likatoka jaribio la pili, la wagonjwa kiasi cha 3,300, na faida haikuonekana kabisa. Dawa ikaachwa.

Na wale wamezao vitamini E kila siku wakidhani wanaukinga ubongo, wasikilize hili. Mwaka 2010 yalikusanywa matokeo ya majaribio tisa yenye watu zaidi ya 118,000. Kiharusi cha kuziba kilipungua kwa kiasi cha sehemu 10 katika 100, lakini kiharusi cha kupasuka, ambacho ndicho kikali zaidi, kiliongezeka kwa kiasi cha sehemu 22 katika 100. Kitu hicho hicho kilicho rafiki ndani ya chakula chaweza kubadili tabia kikikamuliwa na kutiwa katika kidonge kwa wingi. Alaye karanga hana la kuogopa hapa. Tunamsema amezaye vidonge.

Je, tuseme basi kwamba mimea haina nafasi katika ubongo uliokosa oksijeni? Hasha. Habari iliyo njema zaidi yatoka China, nayo yahusu mmea mnyenyekevu wa selari, jamaa ya giligilani. Katika mbegu zake wataalamu walikuta kitu kiitwacho butilifthalaidi, ambacho sasa hutengenezwa kiwandani na kilianza kuruhusiwa huko kuwa dawa ya kiharusi mwaka 2002. Kazi zake ni kadhaa, na mojawapo ni kupunguza madhara ya radikali huru na kuvilinda vile viwanda vya mitokondria. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 1,216, waliopata kiharusi cha kuziba na kuanza kutibiwa kabla ya saa 6 kupita. Wote walikuwa wamepewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, au wamevutwa bonge kwa waya mwembamba upitishwao ndani ya mshipa, au vyote viwili. Kisha nusu yao wakapewa butilifthalaidi, kwanza kwa dripu na baadaye kwa vidonge, na nusu wakapewa dawa ya bandia isiyo na kitu. Baada ya siku 90, waliopona vizuri katika kundi la kwanza walikuwa 56.7 katika 100. Katika kundi la pili 44.0 katika 100.

Tofauti hiyo si ndogo. Jaribio limefanywa China tu, na yafaa lirudiwe kwa watu wa nchi nyingine kabla ya dunia nzima kulitegemea. Lakini msomaji atazame ni wakati gani kitu cha mmea kilisaidia: baada ya mshipa kufunguliwa hospitalini. Tumekwisha kusema kwamba moto wa radikali huru huwaka hasa damu irudipo. Kwa miaka mingi antioksidanti zilipewa watu ambao mishipa yao ilibaki imefungwa, na pengine hiyo ni sababu moja ya kuanguka kwake. Tangu mwaka 2015, majaribio kadhaa yalipothibitisha faida ya kuvuta bonge kwa waya, wagonjwa wengi zaidi katika nchi zenye uwezo hufunguliwa mishipa yao, na wataalamu wameyarudia makabati yao ya zamani kutazama upya dawa walizozitupa.

Kwa hiyo katika nyumba zetu kosa ni kuutanguliza mmea mahali pa hospitali. Na hapa tuseme waziwazi jambo ambalo watu hulifanya kwa mapenzi, nalo huua. Mzee akianguka, mdomo ukaenda upande, jamaa huharakisha kumnywesha: kijiko cha mafuta ya habba soda, asali, maji ya zamzam, chai ya tangawizi. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hawezi kumeza sawasawa, hata kama macho yake yanaona na anamjua mwanawe. Kinyweshwacho huingia katika njia ya hewa na kuteremka mapafuni, na baada ya siku mbili tatu mgonjwa hushikwa na homa ya mapafu, akafa kwa hiyo na si kwa kiharusi. Asinyweshwe wala asilishwe kitu chochote mpaka hospitalini wampime umezaji wake. Aspirini pia asipewe nyumbani, kwa sababu ile tuliyoitaja mwanzo: ikiwa mshipa umepasuka, aspirini itazidisha kumwagika.

Wako watakaosema kwamba tunapunguza heshima ya habba soda, na Hadithi yake ni mashuhuri, imo katika Sahihi Bukhari. Hatupunguzi. Wanavyuoni wa zamani wenyewe waliizungumza Hadithi hiyo kwa kirefu, na al-Khattabi alikuwa miongoni mwa walioona kwamba tamko lake ni la jumla na makusudio ni maradhi maalumu. Hapana katika maneno yao ruhusa ya kumwacha mgonjwa sakafuni saa nane huku mafuta yakipashwa moto. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kujitibu, na aliye na kiharusi tiba yake ya kwanza ni kufikishwa mahali penye mashine ya kupiga picha ya ubongo na watu wajuao kuisoma.

Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na si kila hospitali yetu inayo. Wengine husema: basi kuna haja gani ya kukimbia? Haja ipo. Hata pasipo dawa hiyo, kupimwa sukari, kuangaliwa shinikizo la damu, kulindwa njia ya hewa, kupimwa umezaji na kuanza mazoezi mapema huokoa maisha na huokoa mkono na mguu. Na ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri, kwamba Dar es Salaam walipatwa na kiharusi cha kwanza watu 315.9 katika kila 100,000 kwa mwaka, na katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, 108.6. Hesabu ile ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa kubwa zilizopata kuandikwa duniani.

Ikiwa mmea hauna kazi kubwa saa ya kuanguka, kazi yake iko miaka ishirini kabla. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa Nigeria na Ghana, uliolinganisha wagonjwa 2,118 wa kiharusi na watu wengine idadi ile ile wasio nacho. Shinikizo la damu lilizidi mambo yote kwa mbali. Lakini katika orodha hiyo hiyo yalikuwamo mambo ya jikoni: kuongeza chumvi mezani, kula nyama mara kwa mara, na kutokula mboga za majani, ambako kulihusiana na hatari iliyozidi mara mbili. Hispania nako, katika uchunguzi wa watu zaidi ya 7,400 uliotolewa mwaka 2013 na kuchapishwa upya mwaka 2018 baada ya kusahihishwa, waliokula kwa desturi ya nchi za Bahari ya Kati wakiongezewa mafuta ya zeituni au jamii ya lozi na kokwa walipata viharusi vichache zaidi. Hapana ajuaye kwa yakini ni sehemu gani ya faida hiyo itokayo kwa antioksidanti na ni sehemu gani itokayo kwa potasiamu ya mboga, kwa upungufu wa chumvi, au kwa nyama iliyoachwa. Mwenye kula mchicha, kisamvu na matembele hahitaji kungoja mabishano hayo yaishe. Ila apunguze tui zito na chumvi aitiayo humo, na manjano, karafuu na habba soda viendelee kukaa katika pilau na mkate kama vilivyokaa siku zote.

Atumiaye dawa za presha asiziache kwa kuwa ameanza mafuta ya habba soda, na amweleze daktari wake yote anywayo, kwani mafuta hayo huweza kushusha presha na sukari juu ya zile dawa, na vidonge vikali vya manjano huweza kuongeza nguvu ya dawa za kuzuia damu isigande. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, amwone daktari mapema ili dawa zake zipangwe kwa daku na futari, asizikate kwa shauri lake mwenyewe.

Na vijana wa nyumba wafundishwe dalili tatu, kwani mara nyingi wao ndio walioko nyumbani. Mwambie mzee atabasamu, utazame kama upande mmoja wa uso umelegea. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, utazame kama mmoja unashuka. Mwambie aseme maneno machache, usikilize kama ulimi mzito au maneno yamechanganyika. Ukiona moja tu, tafuta gari. Mlaze kwa ubavu ikiwa amepotewa na fahamu, usimtie kitu kinywani, chukua dawa zake zote mfukoni, na tazama saa uandike ni saa ngapi alionekana mara ya mwisho akiwa mzima. Ikiwa alilala mzima na kuamka amepooza, andika saa aliyolala. Hilo ndilo swali la kwanza daktari atakalouliza mlangoni.